Riziki na Manung'uniko

Ndugu mmoja aliyeingia katika Jumuiya yetu mwaka juzi ameniletea barua ya kurasa mbili. Kwa idhini yake nalitaja jambo lililomo, ila jina lake na kijiji chake nimeviacha. Yeye ni mkulima wa mahindi na mbaazi, na pamoja na shamba alikuwa na kibanda cha kuuzia sukari, chumvi, sabuni na mafuta. Mvua zilipokosekana shamba halikutoa kitu. Na kwa kuwa majirani nao hawakuvuna, wakawa wanakopa kibandani wala hawana cha kulipa, hata kibanda kikafungwa. Haya yote, asema, angeyavumilia. Yaliyomshinda ni maneno ya ndugu zake wa tumbo moja, wanaomwambia kwamba tangu alipofanya baiat baraka imemkimbia. Kisha anauliza: kila jioni huwaeleza mkewe na rafiki zake jinsi mambo yalivyo mabaya, na baadaye husikia hatia moyoni, kwani amefundishwa kwamba mwenye kumtegemea Mwenyezi Mungu halalamiki. Je, imani yake imeharibika?

Nimeona heri nimjibu hapa kuliko kumwandikia faraghani, kwa sababu najua si yeye peke yake aulizaye. Wengi wanaoichunguza Ahmadiyya hutazama kwanza hali za waliotangulia kuingia: wamepata nini, wamepoteza nini. Si vibaya kutazama, bali inafaa wajue mizani ya kupimia.

Tuanze na maneno ya ndugu zake. Kurani Tukufu haikumwahidi muumini po pote kwamba ghala yake haitapungua. Katika sura ya 2, aya ya 156, Mwenyezi Mungu Anawajulisha waumini wenyewe, wala si makafiri, kwamba watajaribiwa. Hofu imetajwa, njaa imetajwa, kupungukiwa na mali kumetajwa, na hata mazao hayakusahauliwa. (Msomaji mwenye nakala isiyohesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ataiona aya hii kwenye namba 155, na vivyo hivyo kwa namba nyingine nitakazozitaja.) Basi ndugu yetu ambaye mahindi yake yamekauka hakutoka nje ya ahadi ya Mola wake. Yumo ndani yake.

Na katika sura ya 89, tangu aya ya 16, analaumiwa mtu anayeifanya riziki kuwa kipimo cha heshima: akineemeshwa hudhani Mola wake amemtukuza, na riziki ikibanwa hudhani amedhalilishwa. Dhana hiyo inakanushwa kwa neno moja kali, na mara mazungumzo yanageuka. Watu hao hao wanashutumiwa kwa sababu ya yatima wasiyemheshimu, na maskini ambaye hawahimizani kumlisha. Mimi kila niifikapo sehemu hii huisoma pole pole. Mtu alikuwa amekaa barazani akiifasiri njaa ya mwenziwe, kama ni laana ama si laana. Kurani inamwambia aache kufasiri, apeleke chakula. Ningependa ndugu zake waliomwambia maneno yale waisome nao, kama watakubali.

Tena tumtazame Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe. Bibi Aisha r.a. amesimulia, na habari hii imo katika Sahih Bukhari, kwamba ilitokea wakauona mwezi mwandamo mara tatu katika muda wa miezi miwili bila ya moto kuwashwa katika nyumba zake. Wakaishi kwa tende na maji, na maziwa waliyoletewa na majirani wa Kiansari. Naye alipofariki, deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri. Nani atakayethubutu kusema kwamba baraka ilikuwa imemkimbia?

Sasa tuje kwenye swali lake mwenyewe, ambalo kwangu lina uzito zaidi. Kulalamika ni nini? Wako wanaodhani kwamba kumtegemea Mwenyezi Mungu ni kufunga kinywa, na kwamba mtu anayelia amekwisha anguka. Lakini Nabii Yakubu a.s. alimlilia Yusufu hata macho yake yakadhurika, na wanawe walipomlaumu aliwajibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu peke Yake (12:87). Neno la Kiarabu lililotumika mahali pale ni lile lile la kushitaki na kulalamika. Basi alilalamika! Na huyu ndiye yule yule ambaye katika sura hiyo hiyo ametajwa kuwa mwenye subira njema. Machozi na subira vilikaa katika kifua kimoja visigombane, kwa sababu mlango alioubisha ulikuwa ndio mlango wenyewe.

Nabii Musa a.s. naye alifika kwenye maji ya Madyan akiwa mkimbizi kutoka Misri, hana nyumba wala kazi. Akawanyweshea wanyama wanawake wawili waliokuwa wakingoja nyuma kwa ajili ya wingi wa wachungaji, kisha akarudi kivulini. Hapo ndipo alipomwambia Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yo yote Atakayomteremshia (28:25). Wale wanawake hakuwaambia kitu juu ya shida yake, wala hakuwadai ujira. Katika aya inayofuata mmoja wao anarudi, akitembea kwa haya, kumwita kwa baba yake. Na baada ya aya chache Musa amekwisha pata kazi ya miaka minane au kumi, na mke, na makazi. Tuangalie pia utaratibu wa mambo: alifanya kazi kwanza, akaomba baadaye, na kazi ile aliwafanyia watu asiowajua.

Kaumu yake ilikuwaje? Wana wa Israeli jangwani walikuwa na chakula, mana na kware, wakanung'unika kwa kutamani vitunguu na matango (2:62, wanaosoma Biblia watayaona mambo haya katika Hesabu mlango wa 11). Musa aliyekuwa mhitaji hakunung'unika, na kaumu yake iliyolishwa ilinung'unika. Hivyo si kweli kwamba manung'uniko huletwa na tumbo tupu.

Abdullah bin Mas'ud r.a. amepokea kutoka kwa Mtume s.a.w. hadithi iliyomo katika Abu Daud na Tirmidhi, ambayo maana yake ni kwamba mtu aliyefikwa na ufukara akaushusha mbele ya watu, ufukara wake hauzibwi. Na aliyeushusha mbele ya Mwenyezi Mungu, kuna tumaini kwamba Atamletea riziki, ya upesi ama ya baadaye. Hadithi hii haimkatazi mtu kumweleza mkewe kwamba unga umekwisha, atapikaje asipojua? Wala haimkatazi kumweleza rais wa jamaati yake. Wala aliyedhulumiwa haki yake hakukatazwa kusema. Huyo Kurani imemtoa waziwazi katika katazo la kutangaza mabaya (4:149). Linalokatazwa ni kumshitaki Mwenyezi Mungu mbele ya viumbe Wake, yaani kuwakusanya watu jioni na kuwafanya mahakimu baina ya mja na Mola wake. Ndugu yetu ajipime mwenyewe. Akiwaeleza rafiki zake shida, je, anatafuta shauri, ama anatafuta mtu wa kukubaliana naye kwamba ameonewa na Mbingu? Jibu analijua yeye.

Nikifika hapa mara nyingi wanafunzi huniuliza: kama ni hivyo, tukae tungoje? Hakuna aliyelijibu swali hilo vizuri kuliko mwanamke mmoja, Bibi Hajira, na habari yake Ibn Abbas r.a. ameisimulia kwa urefu katika Sahih Bukhari.

Nabii Ibrahimu a.s. alimpeleka yeye na mwanawe mchanga Ismaili katika bonde la Makka, wakati ambapo hapakuwa na mtu wala maji, akawaachia mfuko wa tende na kiriba cha maji, akaanza kurudi. Hajira akamfuata akimwuliza anakwenda wapi na kuwaacha katika bonde lisilo na kitu. Akauliza tena na tena, naye Ibrahimu hakugeuka. Mwishowe akauliza kama Mwenyezi Mungu ndiye Aliyemwamuru hivyo. Ibrahimu akajibu kuwa ndiyo. Hajira akasema kwamba basi Hatawapoteza, akarudi kwa mtoto wake.

Kuuliza kwake hakukuhesabiwa kuwa ni manung'uniko. Alitaka kujua amri imetoka kwa nani, na alipojua alitulia. Waongofu wapya wasiogope kuuliza.

Lakini maji yakaisha. Tulitazame jambo hili kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mwanamke aliyesema kwamba Mwenyezi Mungu hatawapoteza, alipoona mtoto anagaagaa kwa kiu, hakuketi kando yake akiyakariri maneno yale. Aliinuka. Alipanda kilima cha Safa akatazama bondeni asione mtu. Akashuka, akakimbia kama mtu aliyechoka sana, akapanda Marwa, akatazama, asione mtu. Akafanya hivyo mara saba. Baina ya vilima hivi viwili ni zaidi ya mita 400 kidogo; kwa hiyo mama yule, katika jua la Makka, akiwa na kiu na ananyonyesha, alikwenda karibu kilomita 3 huku na huku. Je, alikuwa amepoteza imani mara ile ya kwanza, ama ya nne? Hata kidogo. Miguu yake ilikuwa inatenda yale aliyoyasema kinywa chake. Na Mwenyezi Mungu Aliupenda mwendo ule hata Akaufanya kuwa sehemu ya Hija na Umra (2:159), na mahujaji, wafalme na maskini, wanaufuata mpaka leo.

Alipofika Marwa mara ya mwisho alisikia sauti, na tazama, malaika yuko mahali pa Zamzam, akichimbua mpaka maji yakatoka. Hayakutoka Safa wala Marwa, mahali alipoyatafuta. Yalitoka karibu na mtoto, mahali alipoondoka. Basi akaanza kuyazungushia udongo kwa mikono yake kama birika, akajaza kiriba. Mtume s.a.w. alipokuwa akiisimulia habari hii alimwombea rehema mama yake Ismaili, akasema kwamba kama angaliyaacha yangalikuwa kijito kinachotiririka. Mimi katika neno lile naona upendo tu. Mama aliyekwisha ona kiriba kitupu mara moja, ni nani atakayemlaumu kwa kujaza?

Baadaye watu wa kabila la Jurhumu waliona ndege wakizunguka juu ya bonde, wakajua kuna maji. Wakaja kuomba ruhusa wakae hapo, naye akawaruhusu kwa sharti kwamba maji yatabaki kuwa haki yake. Mji wa Makka ulianzia hapo.

Waislamu wa mwanzo walilielewa somo hili, na aliyekosea alirekebishwa. Ibn Abbas r.a. asema kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya chakula cha njiani, wakijiita wenye kutawakali, na wakifika Makka huombaomba. Ndipo ilipoteremka amri ya kuchukua masurufu (2:198). Na Anas r.a., katika Abu Daud, amesimulia habari ya Mwansari mmoja aliyekuja kuomba. Mtume s.a.w. alimwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na shuka na bakuli. Akaviuza kwa mnada kwa dirham 2, akamwambia anunue chakula kwa dirham moja na shoka kwa ya pili, akautia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akakate kuni, asimwone kwa siku 15. Yule mtu alirudi na dirham 10. Kila niisomapo habari hii huutazama ule mpini. Angeweza kumwagiza tu, akaenda zake.

Labda msomaji atasema hayo ni mambo ya zamani sana. Basi na tuje karibu, Qadian, katika mwezi wa Juni 1876. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alikuwa na umri wa miaka kama 41. Alikuwa bado hajadai kitu, wala hajatoa kitabu, wala nje ya kijiji kile kidogo hakuna wengi waliomjua. Baba yake alikuwa mgonjwa. Adhuhuri moja, alipokuwa amejipumzisha, aliteremshiwa ufunuo uliomjulisha kwamba baba yake atafariki siku ile baada ya jua kutua. Naye ameandika mwenyewe kwamba, kwa ubinadamu, likamjia wazo: njia nyingi za mapato ya nyumba zilikuwa zimefungamana na maisha ya baba yake, na zingekatika pamoja naye, basi sasa itakuwaje? Mara ukamjia ufunuo wa pili, nao ni maneno ya Kurani katika sura ya 39, aya ya 37, yaliyo kwa namna ya swali: kama Mwenyezi Mungu hamtoshi mja Wake. Jioni ile, baada ya jua kutua, baba yake akafariki.

Mimi hustaajabia mambo mawili katika habari hii. La kwanza ni kwamba wazo lile la wasiwasi hakulificha. Hakuna aliyelisikia moyoni mwake ila Mwenyezi Mungu. Angaliweza kuliacha tusilijue, tukadhani hakupata kufikiri habari ya unga wa kesho. Ameliandika, ili mtu kama ndugu yetu ajue kwamba wazo la hofu huweza kumpitia hata mteule, na kwamba dhambi si kupitiwa nalo. La pili ni ule upesi. Hakuachwa nalo usiku mzima.

Maneno yale aliyatuma Amritsar yakachorwe katika jiwe la pete, na aliyempa kazi hiyo ni Mhindu wa Qadian, Lala Malawa Mal, akawa shahidi wa jambo lenyewe kabla halijatimia. Gharama yake ilikuwa rupia 5. Ameandika pia kwamba katika siku zile hakutumaini kwamba hata rupia 10 kwa mwezi zingemfikia. Wala hakukaa akiitazama pete. Mwaka 1880 sehemu za kwanza za kitabu chake Barahin-e-Ahmadiyya zilikuwa zimetoka chapani. Katika Desemba 1891 watu 75 walikutana Qadian katika Jalsa ya kwanza. Wageni wakaongezeka, na mtu aliyekuwa akiishi kwa vilivyobaki mezani akawa mwenye jiko, Langar Khana, linalolisha watu wala haliulizi wametoka wapi. Jiko hilo halijazimwa. Na pete ile huvaliwa na Khalifa. Hivi leo imo kidoleni mwa Hadhrat Khalifatul Masih wa Tano, aliyeshika ukhalifa tangu mwaka 2003.

Tena, mwaka 1934, Jumuiya ilipokuwa katika dhiki ya maadui, Hadhrat Khalifatul Masih wa Pili r.a. alipoanzisha Tahrik-i-Jadid aliwataka wanajumuiya wale mlo wa mchuzi wa namna moja tu, na wasio na kazi wasikae bure bali washike kazi yo yote hata ikiwa ndogo. Aliyataka mambo haya kwa matajiri na maskini pamoja. Nadhani hapo kuna faraja kwa aliye na mboga moja kwa sababu hana ya pili.

Ndugu yangu, umeuliza kama imani yako imeharibika. Imani iliyoharibika haisikii hatia jioni. Ila yale unayowaeleza rafiki zako kila jioni, nakusihi uyaeleze kwanza katika sijda. Seyidna Ahmad a.s. ametufundisha kwamba, pamoja na dua zilizopangwa kwa Kiarabu, tuombe katika Sala kwa lugha yetu wenyewe, ili moyo upate kuyeyuka. Basi sema kwa lugha ya mama yako: taja mahindi, taja kibanda, wataje hata wale ndugu zako kwa majina yao. Wanaodaiwa kibandani uwaandike katika daftari wasisahauliwe, lakini wape muda, maana nao wamekosa mvua ile ile, na mdaiwa aliye katika dhiki ameamriwa kungojwa (2:281). Rais wa jamaati yako nimekwisha mwandikia. Mwenyezi Mungu Akufungulie mlango. Amin.

Naomba uniwie radhi kwa jambo moja zaidi. Pembeni mwa ukurasa wa pili wa barua yako, kwa herufi ndogo, kana kwamba hakina maana, umeandika kwamba mkeo ameanza kukaanga vitumbua alfajiri na kuviuza karibu na shule, na kwamba tangu kibanda kifungwe hamjalala na njaa.